Dawa za Sonona na Kiharusi: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mzee

Mama amerudi kutoka kliniki na bahasha ya vidonge. Kwa miezi mitatu amekuwa hali vizuri, halali, haendi tena msibani wala harusini, na daktari amesema ni sonona. Wiki haijaisha, jirani anakuvuta pembeni: "Hizo dawa za akili zinapoozesha. Fulani alizinywa, akaanguka." Sasa uko njia panda. Ukimpa, unaogopa kiharusi. Ukimnyima, unamwona anavyonyauka mbele ya macho yako.

Mwongozo huu ni wako wewe unayemuuguza mzazi, bibi, babu au mwenzi wako mwenye sonona, na ni wa mzee mwenyewe anayetaka kujua anachokinywa. Haumpi mtu ruhusa ya kubadili dozi. Hiyo ni kazi ya daktari. Unakuonyesha nini cha kuangalia, nini cha kuuliza na wakati gani wa kukimbilia hospitali. Neno lake kubwa ni hili: hatari ya kiharusi haikai ndani ya kidonge peke yake. Hukaa zaidi kwenye presha isiyopimwa, kwenye dawa zinazochanganywa kiholela, kwenye wiki za kwanza za matibabu na kwenye kuacha dawa ghafla. Katika yote manne, familia ina la kufanya.

Jirani amesema kweli, lakini si yote

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 136,000 waliokwisha koma hedhi. Kati ya wasiotumia dawa za sonona, takriban 3 katika kila 1,000 walipata kiharusi kwa mwaka. Kati ya waliotumia kundi la dawa lenye fluoksetini na setralini, walikuwa takriban 4. Tofauti ipo, nayo ni ya mtu mmoja hivi katika kila 1,000 kwa mwaka.

Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 60,746 wa sonona wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Humo mna jambo la kukaririwa na kila anayeuguza: madhara mengi yalijitokeza zaidi katika siku 28 za mwanzo baada ya kuanza dawa, na tena katika siku 28 za mwanzo baada ya kuiacha.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2011 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 28 zenye watu 317,540. Ulionyesha kwamba wenye sonona walikuwa na hatari ya kiharusi iliyozidi ya wengine kwa asilimia 45. Sababu nyingi unaziona nyumbani kwako. Mzee mwenye sonona husahau au hukataa vidonge vya presha na kisukari. Hatembei. Usingizi humkimbia. Aliyekuwa ameacha sigara huirudia. Na wakati mwingine mambo yameanzia kwingine kabisa: mishipa midogo ya ubongo imeshaanza kuziba kimyakimya, nayo ndiyo iliyoileta sonona uzeeni. Dawa ikianzishwa leo na kiharusi kikaja mwezi ujao, dawa hubeba lawama ambayo pengine ni ya mishipa iliyokuwa ikiharibika kwa miaka.

Kwa hiyo kumnyima mzee dawa si kumweka salama. Sonona isiyotibiwa humdhoofisha mwili, humwachisha dawa zake nyingine, na wazee wengine huwafikisha mahali pa kuutaka mwisho wao.

Ijue dawa iliyomo ndani ya bahasha

Soma jina la dawa lililoandikwa. Kama mwandiko haueleweki, mwombe mfamasia akusomee na akuandikie upya.

*Amitriptilini.* Ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na hupatikana hadi kwenye vituo vidogo vya afya. Hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kama ganzi na moto wa nyayo kwa wenye kisukari. Hivyo mzee anaweza kuwa anainywa bila mtu yeyote nyumbani kujua kwamba ni dawa ya sonona. Kwa mzee ina mitego: hushusha presha anapoinuka, hukausha mdomo, huzuia mkojo na choo, huchanganya akili, na yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili kwenye vituo vya kawaida unashauri wazee wasipewe dawa hii ikiwezekana. Ikiwa ndiyo iliyopatikana, anza kwa dozi ndogo kama daktari alivyoandika na mlinde mzee asianguke usiku.

*Fluoksetini, setralini na sitalopramu.* Hizi haziushiki sana moyo wala presha, ndiyo maana madaktari wengi huzitanguliza kwa wazee. Mtego wake uko kwenye damu. Chembe sahani, zile zinazoziba kidonda kisiendelee kuvuja, hutegemea kemikali iitwayo serotonini, nazo haziwezi kuitengeneza zenyewe. Huichukua kutoka kwenye damu. Dawa hizi huzuia uchukuaji huo, hivyo damu huganda polepole kidogo. Kwa hesabu ya uchambuzi wa mwaka 2012, kuvuja damu ndani ya ubongo kunakotokana na kundi hili ni kama mtu 1 wa ziada katika kila 10,000 wanaotibiwa kwa mwaka. Ni nadra, ila hatari hiyo huongezeka mzee akiongezewa dawa nyingine zinazozuia damu kuganda. Kwa sitalopramu kuna jambo moja zaidi: aliyepita miaka 60 hapaswi kuvuka miligramu 20 kwa siku, kwa sababu ya mapigo ya moyo.

*Venlafaksini.* Hupandisha presha, hasa dozi ikiwa kubwa. Mzee anayeitumia apimwe presha mara kwa mara, hata kama hajawahi kuwa na tatizo hilo.

*Dawa za kutuliza akili, kama haloperidoli, olanzapini na risperidoni.* Hizi si dawa za sonona, lakini mara nyingi wazee hupewa pamoja nazo. Mzee aliyepoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mwaka 2005, na tena mwaka 2008, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa hizi huongeza vifo kwa wazee wa aina hiyo, na kiharusi ni miongoni mwa madhara yaliyoonekana. Kama mzee wako anapewa ili tu atulie usiku, muulize daktari: "Bado anaihitaji? Tutaipunguza lini?"

Kabla ya kidonge cha kwanza: presha na daftari

Ukifanya jambo moja tu katika mwongozo huu, pima presha. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam, ulihesabu viharusi vipya kwa mwaka, umri ukiwa umesawazishwa. Hai walikuwa karibu watu 109 katika kila 100,000. Dar es Salaam walikuwa karibu 316. Presha isiyotibiwa ni miongoni mwa mizizi mikubwa ya janga hili kwetu, na haina dalili ya kukushtua. Mzee mwenye presha iliyoachwa ovyo yuko hatarini zaidi kwa presha hiyo kuliko kwa kidonge chochote cha sonona.

Pima hivi. Mzee akae kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika 5 bila kuzungumza, miguu ikiwa chini, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Andika namba zote mbili. Kisha asimame, umpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, mwambie daktari kabla ya kuanza amitriptilini. Namba zikiwa zinafika 140 kwa 90 au zaidi siku baada ya siku, presha inahitaji kutibiwa sambamba na sonona, wala isisubiri.

Halafu nunua daftari moja, la mzee peke yake. Ukurasa wa kwanza andika magonjwa yake yote, na kama amewahi kupata kiharusi, vidonda vya tumbo au kutokwa damu. Ukurasa wa pili andika kila anachokinywa: dawa za hospitali, za dukani, za miti shamba, hata zile alizoletewa na mtoto aliye ughaibuni. Usimwulize tu, mwombe akuonyeshe. Vingi hukaa chini ya mto au kwenye mkoba, navyo hatavitaja asipoulizwa kwa upole. Daftari hili liende naye kila kliniki.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza haya manne na uandike majibu:

1. Hii dawa ni ya kundi gani, na kwa nini umemchagulia hii?
2. Inapatana na dawa zake nyingine zilizomo humu daftarini?
3. Nimrudishe lini kuangaliwa?
4. Anahitaji kupimwa chumvi ya damu au moyo kabla ya kuanza?

Mchanganyiko wa kuogopwa

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, maana dawa hatari zaidi huuzwa dukani bila maswali.

*Dawa za maumivu.* Diklofenaki na ibuprofeni hunywewa na wazee kwa magoti na mgongo kama karanga. Utafiti mkubwa wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa dawa za sonona zikichanganywa na kundi hili, hatari ya kuvuja damu ndani ya fuvu huongezeka katika siku 30 za mwanzo. Isitoshe, dawa hizi za maumivu hupandisha presha na kuchubua tumbo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi.

*Tramadoli.* Ikikutana na dawa za sonona yaweza kuleta degedege, au hali ya serotonini kuzidi mwilini: jasho jingi, kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mzee asipewe bila daktari kujua anatumia nini.

*Dawa za kuzuia damu kuganda.* Warfarini, na nyingine za kazi hiyo, huongeza hatari ya kuvuja zikiandamana na kundi la fluoksetini. Fluoksetini pia huifanya warfarini ikae na nguvu zaidi mwilini, hivyo kipimo cha damu kirudiwe mapema baada ya kuanza. Aspirini na klopidogreli nazo zitajwe. Lakini usiziachishe mwenyewe: kwa mzee mwenye tatizo la moyo au aliyewahi kupata kiharusi, kuziacha ndiko kunakoweza kuleta kiharusi kipya. Daktari ndiye wa kupima, na mara nyingi hupata njia, kama kubadili aina ya dawa ya sonona au kuongeza ya kulinda tumbo.

*Vidonge vya presha vya kupunguza maji*, kama haidroklorothiazidi. Vikiungana na kundi la fluoksetini vyaweza kushusha chumvi ya damu. Daktari akijua, atapanga kipimo.

Mwezi wa kwanza: mtazame kama mtoto mchanga

Kumbuka zile siku 28. Panga zamu nyumbani. Mtu mmoja awe na jina lake kwenye daftari kama msimamizi wa dawa, ili asiwepo wa kudhani kwamba mwingine ameshampa.

Wiki ya kwanza na ya pili, pima presha walau mara mbili kwa wiki, akiwa amekaa na akiwa amesimama. Muulize kila asubuhi: umelalaje, kichwa kikoje, unaona kizunguzungu? Mfundishe kuinuka kwa vituo: akae kwanza kitandani, ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame. Njia ya chooni iwe na taa, mikeka inayoteleza iondolewe.

Chumvi ya damu ikishuka, huwa ni katika wiki hizi. Mzee huumwa kichwa, huchoka kupita kiasi, hukazwa misuli, hupepesuka, huchanganyikiwa. Kwa macho ya haraka ni kama kiharusi au malaria. Usikisie, mpeleke apimwe damu.

Kichefuchefu kidogo, tumbo kulegea au usingizi kuvurugika katika siku za mwanzo ni kawaida na mara nyingi hupita. Choo cheusi kama lami, damu puani isiyokoma, au michubuko isiyo na sababu si kawaida. Mrudishe hospitali.

Mwambie ukweli kuhusu muda. Dawa hizi haziondoi huzuni kesho yake. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa wazee huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Asiyeambiwa hili huacha dawa wiki ya pili akidhani haifanyi kazi, akiwa ameshapata maudhi yote bila kuonja faida.

Akitamka kwamba amechoka kuishi, usimkemee wala usimhubirie. Kaa naye, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, ondoa nyumbani sumu ya wadudu na vidonge vya ziada, na mpeleke siku hiyohiyo. Amitriptilini ikinywewa nyingi kwa pamoja huua. Iwe chini ya ufunguo wa msimamizi.

Kuacha dawa nako kuna njia

Mzee akipata nafuu, familia hufurahi na kuacha kununua dawa. Hapo ndipo mlango wa hatari unapofunguka kwa mara ya pili. Ushauri wa kawaida ni kuendelea miezi mingi baada ya dalili kwisha. Shirika la Afya Duniani hutaja miezi 9 hadi 12. Kisha daktari hupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kutapika, mihemko, kukosa usingizi na mishtuko kama ya umeme mwilini, na mzee anayepepesuka huanguka.

Tatizo la wengi wetu ni dawa kuisha kituoni. Basi usisubiri kidonge cha mwisho. Vikibaki vya siku 10, anza kutafuta. Vikikosekana kabisa, rudi kwa aliyeandika dawa akupe nyingine inayofaa. Muuzaji wa duka asibadilishe kwa kubahatisha.

Kama mzee ameshapata kiharusi

Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi huingia kwenye sonona. Akikataa mazoezi ya viungo, akilia bila sababu, akigeukia ukutani, usiseme ni ukaidi. Mpeleke achunguzwe, maana mwenye sonona hapigani kuurudisha mkono wake.

Lakini jihadhari na uvumi kwamba fluoksetini hurudisha viungo vilivyopooza. Mwaka 2019 Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 3,127 wa kiharusi, nusu wakinywa fluoksetini na nusu kidonge kisicho na dawa kwa miezi 6. Viungo havikurudi zaidi kwa walioinywa. Sonona mpya ilipungua kwao, ila waliovunjika mifupa walikuwa karibu 3 katika kila 100, mara mbili ya wenzao. Funzo lake: dawa itolewe kwa sonona iliyoonekana, isinunuliwe kutibu mguu.

Siku kiharusi kikija

Fundisha nyumba nzima, hata watoto, maneno manne: uso, mkono, maneno, muda. Mwambie atabasamu, je, uso umevutwa upande? Ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka? Arudie sentensi fupi. Je, anakokoteza au haeleweki? Moja tu likionekana, hesabu muda na uondoke naye.

1. Andika saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya muda usiozidi saa nne na nusu tangu dalili zianze.
2. Mpeleke hospitali yenye kipimo cha CT, kama ipo karibu. Bila picha ya kichwa, hakuna awezaye kujua kama mshipa umeziba au umepasuka.
3. Usimpe aspirini. Kama mshipa umepasuka, utaongeza kuvuja.
4. Usimpe uji, maji wala dawa kinywani, anaweza kupaliwa. Akiwa amesinzia, mlaze ubavu.
5. Usimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo hukosa damu zaidi.
6. Chukua daftari. Daktari akijua anatumia dawa gani, atatibu kwa uhakika.

Dalili zikipotea baada ya dakika chache, bado nenda. Hilo ni onyo la kiharusi kikubwa kinachonyemelea. Na wanaosema amepigwa na upepo mbaya, waombe dua wakiwa nawe njiani kwenda hospitali.

Tiba isiyo kidonge

Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo yaliyopangwa hutibu, nayo hayagusi damu wala presha. Katika vijiji vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha dalili zikipungua sana kuliko kwa wasiokutana. Mjini Harare, Zimbabwe, watu wa kawaida waliofunzwa, wengi wao kina bibi, huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba njia hiyo inafaa. Uliza kliniki yenu kama kuna mshauri. Hata akiwa kwenye dawa, mtembeze mzee kila jioni, mpe kazi anayoimudu, mrudishe kwenye mikutano ya wenzake. Kutembea kunashusha presha na kunainua moyo, vyote kwa hatua zilezile.

Jioni hii, kabla hujamjibu jirani, kaa na mama. Mwombe alete vidonge vyake vyote mezani, viandikeni kimoja kimoja kwenye daftari, kisha mfunge mkanda wa kipimo mkononi na usome presha. Asubuhi mpigie daktari kuhusu chochote kilichokutia shaka. Usimwachishe dawa kwa hofu, wala usimpe bila kumwangalia.